Kadi Moja ya Njano

Kwa miaka ishirini na sita Loretta Svoboda alifundisha darasa la tano katika mji wetu wa Plum Fork, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuona swali la insha la mtihani wa jimbo ambalo yeye mwenyewe angetamani kulijibu. Eleza wakati ulipomsaidia mtu. Taja sifa tatu za rafiki mwema. Je, wanafunzi wavae sare? Maswali makavu kama mkate wa juzi. Watoto nao walijibu kikavu vilevile: nilimsaidia bibi kubeba mifuko, rafiki mwema ni mkweli, asanteni, mwisho. Insha ishirini na mbili, na zote ungedhani zimeandikwa na mzee mmoja aliyechoka na dunia.

"Hivi hao watunga maswali waliwahi kuwa watoto kweli?" alikuwa akisema katika chumba cha walimu, huku anagonga kikombe mezani. "Au walizaliwa na tai shingoni?"

Tulicheka, tukaendelea na kahawa zetu. Tulishamzoea.

Kilichomtoa Loretta kwenye maneno na kumtia kwenye vitendo ni mtoto mmoja, Brenna Kucera. Mwaka ule Brenna alikuwa darasa la nne, chumba cha jirani na cha Loretta. Mtoto mwembamba, msemaji wa wastani, lakini akishika penseli, jamani! Aliwahi kuandika, bila kuulizwa na mtu, juu ya king'ora cha kimbunga kinachojaribiwa hapa mjini kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na jinsi ng'ombe wa babu yake walivyokizoea hadi siku hiyo hupanga mstari uzioni kukingoja. Karatasi ile ilizunguka shule nzima, mpaka mpishi aliisoma.

Basi mwezi Machi ukaja mtihani: Eleza wakati ulipomsaidia mtu. Brenna akaandika, "Sikumbuki nilimsaidia nani. Nikikumbuka nitawaambia." Akaweka penseli chini. Alama moja kati ya sita.

Na alama hizo si za mapambo. Ukipata chini ya nne unapelekwa chumba cha marudio, saa nzima kila siku, na saa yenyewe wanaikata kwenye kipindi cha uchoraji. Mtoto aliyeandika juu ya ng'ombe na king'ora akawa anakaa mle ndani anapaka rangi vijisanduku vilivyoandikwa "sentensi kuu". Mwaka uliofuata akaingia darasa la Loretta, na kila siku saa nne kamili alikusanya vitu vyake, akatoka bila kumtazama mtu.

Loretta aliandika barua kwa ofisi ya mitihani ya jimbo. Kurasa tatu, na maneno mengine siwezi kuyarudia hapa. Jibu likaja la adabu kabisa: Bi. Svoboda, tunakukaribisha katika kamati inayopitia maswali ya insha, siku mbili mwezi Novemba, chakula cha mchana kipo.

"Hee! Wamenipa nafasi," akasema. Akaenda moja kwa moja darasani, na hapo ndipo mdomo ulipomponza. "Mwaka huu mtaulizwa kitu cha kweli," aliwaambia watoto. "Nawaahidi."

Brenna akainua kichwa. "Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

"Nikiandika vizuri, nitatoka kile chumba?"

"Utatoka, mwanangu."

Kamati ilikutana katika hoteli moja kando ya barabara kuu, ukumbi wenye zulia la maua na harufu ya dawa ya bwawa la kuogelea. Walikuwa watu kumi na wawili, wengi wao walimu. Mwenyekiti alikuwa Duane Ostergren wa ofisi ya mitihani, baba mrefu mwenye sweta, sauti yake haijawahi kupanda ngazi. Kwanza aliwasainisha karatasi ya siri: utakayoyasikia humu usimwambie mtu. Kisha akamgawia kila mmoja rundo la kadi za njano.

"Sheria yetu ni moja," alisema. "Swali likisomwa, wafikirieni watoto wenu halisi, si watoto wa hewani. Ukimwona mtoto mmoja ambaye swali hili litamuumiza, au litamwacha hana la kusema wakati wenzake wanalo, inua kadi. Sema, 'Nina mtoto ambaye,' na sababu yako. Hatubishani, hatupigi kura. Kadi moja inatosha. Swali limekufa."

Loretta akaona ni sheria nzuri. Hilo lilidumu kama robo saa.

Eleza siku yako ya kuzaliwa. Akainuka Twyla Hemmingsen, mshauri wa wanafunzi, mama mwenye miwani ya mnyororo. "Nina mtoto ambaye dini yao haisherehekei siku za kuzaliwa." Likafa.

Eleza siku theluji ilipofunga shule. Gil Pacheco, mwalimu kutoka mji mmoja wenye kiwanda cha machinjio, akanyanyua kadi kabla halijaisha kusomwa. "Nina watoto tisa ambao wamefika Agosti kutoka Guatemala. Theluji wameiona kwenye friza tu." Likafa.

Mbwa? Yupo mtoto aliyeng'atwa usoni. Chumba unacholala? Yupo anayelala kwenye sofa ya shangazi. Safari ya likizo? Yupo ambaye hajavuka mpaka wa wilaya. Bibi yako? Wa mtoto mmoja alizikwa Septemba. Mpaka saa sita mchana yalikuwa yamekufa maswali kumi na manne.

"Basi tuwaulize kuhusu hewa," Loretta akasema kwa hasira.

"Nina mtoto ambaye ana pumu," alijibu Twyla, na mkono wake ulishafika kwenye kadi. Hakuwa anatania. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, Duane akageukia ukutani mabega yakimtikisika, na Twyla mwenyewe, alipong'amua alichosema, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Lakini kilichomkera Loretta ni kwamba kila sababu ilikuwa ya kweli. Hakukuwa na mjinga pale. Kila kadi ilikuwa na mtoto nyuma yake, mwenye jina na viatu. Siku zote aliwatukana watu wenye tai, kumbe ni walimu kama yeye. Maswali hayakuzaliwa makavu. Yalifuliwa na watu wenye huruma mpaka rangi ikaisha.

Siku ya pili ikaja zamu yake. Alikuwa na swali moja tu, na alikuja nalo kutoka nyumbani, kwani alilipata kwa kuwasikiliza watoto wake wakipiga soga kwenye chakula cha mchana. Akasimama, akalisoma: "Eleza kitu kilichoharibika nyumbani kwenu ambacho hakuna aliyekitengeneza. Mnaishi nacho vipi?"

Gil akapiga meza.

"Bwana wee! Friza yetu inafungwa kwa mkanda wangu. Mnanionaje hapa, nashikilia suruali siku nzima!"

"Kwangu ni choo," alisema Twyla. "Bila mwiko hakishushi maji. Na mgeni huwa tunamwambiaje?"

Hata Duane. Kengele ya mlango wake hulia yenyewe kila anapopasha chakula, na mbwa hukimbia kupokea wageni wasiokuwepo; mwaka wa sita sasa. Ukumbi mzima ukawa unasimulia, huyu anamkatiza yule, kila mmoja ana lake. Tajiri analo, maskini analo, wa Guatemala analo, wa hapa analo. Loretta alisimama akiwaangalia kwa furaha. Hakuna aliyegusa kadi.

"Vizuri sana," alisema Duane, na safari hii sauti ilipanda kidogo. "Imebaki dakika moja ya kimya, kama kawaida. Pitieni madarasa yenu, dawati kwa dawati. Kadi isipoinuliwa, hili ndilo la Machi."

Loretta akafumba macho, akapita. Mstari wa mlangoni, wale mapacha wenye gari lisilo na kioo: wataandika kurasa nne. Mstari wa kati, hakuna tatizo. Mstari wa dirishani, dawati la tatu, Brenna.

Akasimama hapo.

Aliukumbuka mkutano wa wazazi wa Oktoba. Mama yake Brenna alikuja na kifundo cha mkono kimefungwa bendeji. Alisema, bila kuulizwa, kwamba upepo uliung'oa mlango wa mbele, ukamwangukia. Wiki zile zote hapakuwa na upepo wa kung'oa hata jani. Na nani Plum Fork hakujua kwamba gari la baba yake Brenna lilionekana tena mjini, baada ya mwaka mzima wa kukaa kwake mbali? Loretta alisema pole, akafungua daftari, akaendelea na alama za hesabu. Si kazi yangu, alijiambia. Mama mtu mzima, akitaka kusema atasema.

Sasa akamwona Brenna ameinamia swali lile, penseli mkononi. Akiandika ukweli, utasomwa na watu baki katika ofisi ya mbali. Akidanganya, ataandika mistari miwili mikavu na kurudi chumba cha marudio.

Mkono wa Loretta ukainua kadi.

"Nina mtoto ambaye," alisema, akaketi na kadi mkononi.

"Inatosha, Loretta," alisema Duane taratibu.

"Lakini dada, si swali lako mwenyewe!" Gil alimaka.

"Najua ni langu, Gil. Niache."

Saa za kuondoka zilikuwa zimekaribia na watu wamechoka. Duane akatoa karatasi ya mwisho kwenye faili: Eleza ujuzi mmoja mpya ambao ungependa kujifunza, na useme kwa nini. Hakuna kadi. Dakika nne, likapita. Hakuna aliyemkumbuka mtoto wa kuumizwa nalo, wala wa kufurahishwa nalo.

Loretta aliendesha gari hadi nyumbani kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, akijiambia kwamba amemkinga mtoto. Alijiambia hivyo mara nyingi, ukimwona ungedhani kuna mtu anabishana naye.

Jumatatu watoto walimzunguka. "Vipi, Mwalimu? Umewaweza?"

"Siruhusiwi kusema. Nimetia saini."

Brenna akatabasamu. Alidhani ni siri nzuri. Loretta akageukia ubao, akaandika tarehe, akaikosea.

Ikafika Machi. Siku ya mtihani mwalimu hana maneno yake mwenyewe. Kuna kijitabu cha maelekezo, na yaliyomo humo ndiyo pekee unayoruhusiwa kuyatamka. Watoto wakafungua karatasi. Brenna akasoma. Akageuza ukurasa kutazama kama kuna lingine nyuma, akarudi. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hili ndilo?"

Loretta akatazama kijitabu. "Soma swali kwa makini, kisha fanya kadiri ya uwezo wako."

"Lakini ulituambia—"

"Soma swali kwa makini, kisha fanya kadiri ya uwezo wako."

Brenna alimtazama kwa muda mrefu, jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima wakishamaliza kumwamini. "Haya," alisema.

Dakika kumi hakufanya kitu. Alichorachora kwa kidole juu ya meza. Kisha Brenna akavuta kiti, akainama, akaanza kuandika, na alipoanza hakusimama. Wenzake walimaliza, wakalala juu ya mikono yao, yeye anaandika. Akanyoosha mkono tena bila kuinua kichwa: karatasi nyingine.

Loretta akampelekea. Kusoma karatasi ya mwanafunzi ni marufuku, imeandikwa kwa herufi nzito. Macho yake yakasoma.

"Ningependa kujifunza kufunga bawaba. Bawaba ni vyuma vinavyoshika mlango. Baba alipopiga teke mlango wetu, bawaba mbili zilitoka na mbao zake. Sasa mama na mimi tunasukuma kabati la nguo mpaka mlangoni kila jioni. Ni zito. Mimi nashika upande wa droo kwa sababu mkono wa mama haujapona vizuri. Nikijua kufunga bawaba tutalala mapema."

Aliweka karatasi mpya juu ya meza, akarudi mbele ya darasa, akasimama ameshika kile kijitabu. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuwaka masikioni. Ile kadi alimkinga nani? Tangu Novemba hadi Machi mtoto alikuwa anasukuma kabati, na yeye Loretta alikuwa ametulia kwa sababu ameweza kuhakikisha kwamba hakuna atakayemuuliza. Hasira zote alizokuwa akiwamiminia watunga maswali zikamgeukia mwenyewe, na zilikuwa nyingi.

Matokeo yalikuja Juni, na niyaseme hapa hapa niyamalize, maana kila nikiyakumbuka napandwa na mori. Msahihishaji alimpa Brenna alama nne. Nne ndiyo iliyotakiwa, chumba cha marudio akaachana nacho. Na chini yake, kwenye nafasi ya maoni, palichapishwa hivi: "Mwandishi ana wazo zuri. Aongeze maelezo." Basi. Ndilo neno lote lililotoka katika ile ofisi.

Lakini siku ile ya Machi, Loretta alikusanya karatasi, akazifungia kabatini, akashuka ukumbi wa chakula. Ilikuwa siku ya chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, siku ambayo hakuna mtoto anayekosa shule. Kwa kawaida walimu hawakai na watoto. Yeye alichukua trei yake, akaenda kuketi mbele ya Brenna.

"Hapo ni pa Josie," Brenna alisema.

"Josie atapata pengine."

Brenna akachovya mkate kwenye chili kama tunavyofanya sote, akatafuna, hakumwangalia. Wale wawili waliokaa pembeni walinusa mambo, wakachukua trei zao, wakahama.

"Hukuweza kuwabadilisha," Brenna alisema.

"Niliweza. Nilikuwa na swali zuri, likakaribia kupita, halafu nikaliua mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Mtoto akaacha kutafuna. Hilo hakulitegemea. "Uliogopa nini, Mwalimu?"

"Niliogopa utalijibu." Loretta akasukuma trei pembeni. "Brenna, nimesoma karatasi yako."

"Si hamruhusiwi?"

"Haturuhusiwi. Nimesoma. Sasa nakuuliza mimi, si mtihani. Mlango wenu umekuwa hivyo tangu lini?"

Brenna akatazama mezani, akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango wa ukumbi ambako watoto wa darasa la pili walikuwa wanaingia kwa makelele. Akafuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja.

"Unataka kwa ufupi," aliuliza, "au yote?"

"Yote."

"Kengele italia kabla sijamaliza."

"Ilie tu."

Basi akaanza. Alianzia Ijumaa moja ya Agosti, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama anakaanga viazi, redio inataja bei za mahindi. Alisimulia kama alivyowahi kusimulia ng'ombe, bila haraka, kila kitu mahali pake, na Loretta alisikiliza kila neno na hakuuliza swali lingine. Kengele ikalia. Mpishi akaja kuokota trei, akawaona, akageuka na kurudi jikoni.

Walipomaliza Loretta alimpeleka Brenna kwa mwalimu wa uchoraji, akamwomba akae naye. Kisha akaingia ofisi ya mwalimu mkuu bila kubisha hodi, akavuta simu ya mezani, akapiga ile namba ya kulinda watoto ambayo kila mwalimu hupewa siku ya kwanza ya kazi.

"Naitwa Loretta Svoboda, mwalimu wa darasa la tano, Plum Fork," alisema. "Napiga kuhusu mtoto wa darasa langu. Nilipaswa kupiga Oktoba."